Mtenda Aliyejificha: Sentensi ya Kiswahili kati ya Programu ya Mazungumzo na Programu ya Usimamizi wa Mradi

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza kinachoipata sentensi ya Kiswahili inapochukuliwa kutoka katika programu ya mazungumzo ya kikundi na kuingizwa katika programu ya usimamizi wa mradi. Wataalamu wa kompyuta huhesabu kwamba tatizo hili limekwisha kutatuliwa, na kwa upande wao wana haki. Kwa upande wa isimu, hata hivyo, swali ndiyo kwanza linaanza.

Programu za aina ya kwanza ni kama Slack, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014, pamoja na Mattermost na Zulip. Za aina ya pili ni kama Jira, iliyotoka mwaka 2002, na Trello, iliyotoka mwaka 2011. Katika zile za kwanza watu huzungumza. Katika hizi za pili kila kazi huwa na kadi yake, na kadi hudai mambo matatu: kazi yenyewe, mtu aliyekabidhiwa, na siku ya mwisho. Kuziunganisha ni kuwezesha maneno yaliyosemwa upande mmoja yawe kadi upande wa pili, bila mtu kuyanakili.

Mifano itakayotumika imetungwa na mwandishi. Tuchukulie kwamba inatoka katika kikundi cha simu cha kamati ya ujenzi wa darasa katika kata ya Nangwa, wilayani Hanang', chini ya mlima ule unaozidi mita 3,400. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu za kiisimu. Katika wilaya hiyo hukutana Wairaqw, Wadatooga, Wagorowa na Wanyaturu, ambao lugha zao zimegawanyika katika makundi ya Kikushi, Kiniloti na Kibantu. Kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya mama, bali ni lugha ya kikao, ya barua ya ofisi na ya ujumbe wa simu, na ndiyo maana adabu ya kikao hujitokeza waziwazi katika maandishi yao. Hatudai kwamba kamati ya namna hiyo inatumia Slack. Aghalabu kikundi huwa cha WhatsApp, na kiungo baina ya kikundi na daftari la kazi huwa ni binadamu, yaani katibu anayesoma mazungumzo jioni na kuandika. Kazi ya katibu huyo ndiyo ambayo uunganishaji hutaka kumpa mtambo. Inafaa basi tujue katibu hufanya nini.

2.0 Namna uunganishaji unavyofanya kazi

Kila ujumbe unaotumwa katika programu ya mazungumzo ni tukio. Msimamizi huipa programu hiyo anwani ya intaneti, na tukio linapotimiza masharti aliyoyaweka, programu hufunga kifurushi cha data na kukipeleka kwenye anwani hiyo. Ndani ya kifurushi mna sehemu zenye majina: nani ametuma, katika kikundi gani, saa ngapi, na matini yenyewe. Programu ya pili hukifungua na kuunda kadi. Njia nyingine ni ya amri: mtu huanza ujumbe wake kwa mkwaju na jina la amri, na maneno yanayofuata huwa kadi. Mawasiliano huenda pia kinyume, kwani kadi inapobadilishwa taarifa hurudi kikundini. Hapo fundi hana budi kuhakikisha kwamba taarifa iliyoandikwa na mtambo haihesabiwi kuwa ujumbe mpya, vinginevyo programu mbili zitajibizana usiku kucha.

Linalotuhusu ni hili. Mtumaji, kikundi na saa ya kutuma hujazwa na mtambo bila shida. Kazi, mtu wa kuifanya na siku ya mwisho hazina budi kutoka katika sentensi. Mtambo hapo unaingia katika shamba letu.

3.0 Mtenda aliyejificha

Tutazame mifano:

(1) Ndugu wajumbe, mchanga uletwe kabla fundi hajaondoka.
(2) Hesabu za saruji zifanyike upya.
(3) Tuangalie na suala la mbao, Mwenyekiti.
(4) Mwalimu, naona mbao bado.

Vitenzi vya (1) hadi (3) vina kiishio -e, kile kinachobeba agizo, ombi au pendekezo bila kubainisha ni lipi kati ya hayo. Katika (1) kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, nacho kingeweza kuongezewa kirai kinachomtaja mtenda: uletwe na fulani. Msemaji hakukiongeza. Katika (2) kauli ni ya kutendeka, ambayo kwa kawaida haimpi mtenda nafasi hata kama msemaji angependa kumtaja. Katika (3) mtenda yupo, ni sisi, lakini kila mjumbe anajua kwamba "sisi" hapa ni mtu mmoja ambaye hajatajwa. Mfano wa (4) kwa umbo lake si agizo hata kidogo. Ni taarifa. Hata hivyo mwalimu yeyote atakayeusoma atajua kwamba ameulizwa.

Ingekuwa kosa kuviita vitendo hivi uzembe wa lugha, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa miongozo ya uongozi. Mwenyekiti anayesema mchanga uletwe haamrishi mtu mzima mwenzake mbele ya hadhara. Anaiweka kazi katikati ya kikao ili mwenye uwezo aiokote. Mtenda hakusahauliwa. Ameachiwa nafasi ya kujitokeza mwenyewe.

Kadi haina subira hiyo. Nafasi ya mtenda ikiachwa wazi, kadi hubaki bila mwenyewe, na wasimamizi wengi huweka kanuni ya kuijaza. Kanuni ya kawaida ni kumkabidhi kazi mtu aliyetajwa katika ujumbe, au yule aliyejibu:

(5) A: Mwalimu, mbao zifuatiliwe Babati.
    B: Sawa, Mwenyekiti.

B amefanya nini? Neno sawa laweza kuwa na maana ya "nimesikia", au "nakubali kwamba zinafaa kufuatiliwa", au "nitazifuatilia". Ni ya tatu pekee iliyo ahadi. Katika istilahi za Austin (1962) na Searle (1969), umbo ni moja na vitendo-uneni ni vitatu. Katika kikao cha ana kwa ana utata huo huisha kwa mtazamo wa uso, au kwa B kuuliza nauli itatoka wapi. Katika maandishi ya simu hubaki kama ulivyo, na mtambo huukata kwa kuandika jina la B.

Jambo hili si dogo. Madarasa mengi ya umma nchini yamejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambao taasisi yenyewe husimamia ujenzi kwa kutumia mafundi badala ya kumpa mkandarasi kazi yote, na ambao huwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kumbukumbu za kamati hizo husomwa baadaye na wakaguzi. Mkaguzi hakuwamo kikaoni. Akikuta kadi yenye jina la mwalimu, siku ya mwisho iliyopita na kazi isiyofanyika, atasoma ahadi iliyovunjwa, hali mwalimu hakuahidi kitu. Alijibu kwa adabu.

Hoja ya kuvijengea vitendo-uneni programu si ngeni. Winograd na Flores, katika kitabu chao cha mwaka 1986, walipendekeza kwamba kazi za ofisi ni mtandao wa maombi na ahadi, na programu iliyoitwa The Coordinator ilijengwa juu ya msingi huo: mtumaji alitakiwa kubainisha kama ujumbe wake ni ombi, ahadi au kadhalika. Mwaka 1994 Lucy Suchman aliupinga mtazamo huo, akieleza kwamba kuwalazimisha watu wavipe vitendo vyao majina yaliyokwisha pangwa ni njia ya kuwatawala. Tunakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Lakini twaona kwamba Winograd na Flores walikuwa na jambo moja ambalo uunganishaji wa leo umelipoteza: katika programu yao ahadi ilitolewa na mwenye kuahidi.

4.0 Cheo na jina

Hata mtenda anapotajwa, hutajwa kwa cheo au kwa jina la heshima. Katika (3) anaitwa Mwenyekiti. Kijiji kina mwenyekiti, kila kitongoji kina wake, na kamati nayo ina wake. Huenda wote watatu wamo katika kikundi kimoja. Mama Neema ni jina linalojulikana na kila mtu isipokuwa kompyuta. Programu mbili hutambua kwamba mtu ni yuleyule kwa kulinganisha anwani zake za barua pepe, hivyo kinachohitajika ni orodha ya vyeo inayotunzwa na katibu. Hili latatulika.

5.0 Bado, inafanyika, imekwisha

Hapa Kiswahili kinaisaidia programu kuliko inavyodhaniwa. Ubao wa kazi kwa kawaida huwa na safu tatu, nazo zinalingana vyema na mfumo wetu wa hali: haijafanyika, inafanyika, imekwisha kufanyika. Umbo la -ja- katika ukanushi hubeba matarajio kwamba jambo litakuwa, na neno bado hubeba hayohayo peke yake. Mfano wa (4) basi waweza kupelekwa katika safu ya kwanza bila wasiwasi. Tofauti ni haikufanyika. Umbo hili laweza kufunga mlango: mvua iliharibu barabara, wiki ikapita, kazi ikaachwa. Ubao wenye safu tatu tu hauna mahali pa kuliweka, na kadi hubaki chini ya "bado" miezi mitatu baada ya kila mtu kujua kwamba si bado tena. Jira huruhusu kazi ifungwe kwa sababu ya kutofanywa. Safu hiyo ingefaa iwekwe tangu mwanzo.

6.0 Saa

Mjumbe akiandika "tukutane kesho saa 2", msomaji Mswahili huelewa asubuhi, saa mbili baada ya mapambazuko. Mtambo uliofundishwa Kiingereza utaandika ama saa nane usiku ama saa nane mchana. Saa iliyokusudiwa huonekana 08:00 katika kioo cha simu, na ndani ya hazina ya data huenda ikahifadhiwa kuwa 05:00, kwa kuwa Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Wakati mmoja una tarakimu tatu. Kuongeza saa sita kwa kila namba hakutoshi, maana kijana anayesoma namba za simu yake huandika "saa 8" akikusudia saa mbili asubuhi, na mzee huandika hivyohivyo akikusudia mchana. Kwa maoni yetu mtambo usikisie. Uulize: asubuhi, mchana au usiku?

7.0 Pendekezo la istilahi

Mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu yaweza kusema Kiswahili pale istilahi zinapofanyiwa kazi na watu wa lugha. Kwa programu za miradi, neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni la kumpa mtu kazi. Kukabidhi hudai kwamba kuna anayepokea, kupangia hakudai. Twapendekeza kwamba kadi inayotokana na mazungumzo izaliwe ikiwa katika hali ya "imependekezwa", jina la mtu likiandikwa chini ya "amepangiwa", na ibadilike kuwa "imepokelewa" pale tu mhusika mwenyewe anapobonyeza "nakubali", kitenzi kikiwa katika nafsi ya kwanza. Kando yake pawepo "siwezi" na "nina swali". Katika mfano wa (5), mtambo ungemwandikia B pembeni, nje ya kikundi, asipate haya mbele ya Mwenyekiti: Mwalimu, umepangiwa kufuatilia mbao Babati, je, unakubali? Naye angepata nafasi ya kuuliza habari ya nauli.