Hoteli za Chai za Homa Bay na Migori

Katika miji ya Nyanza, neno "hoteli" si nyumba ya kulala wageni tu. Kwa watu wengi ni chumba chenye mabenchi, meza chache na birika la chai ya maziwa, ambamo mume hupokea fedha, mke husimamia jiko, na watoto huosha vikombe watokapo shuleni. Yafaa kujua habari za nyumba hizi, maana zina funzo kwa kila jamaa yenye biashara.

Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Baadaye meli za ziwani zikachukua mizigo na abiria hadi Kendu na Homa Bay. Wahindi walifungua maduka, wakauza unga wa ngano, sukari na majani ya chai; na mapishi ya chapati na maandazi yakaenea. Abiria aliyengojea meli alihitaji kitu cha moto, na haja hiyo ndiyo iliyokuwa riziki ya mwenye hoteli. Meli zilipopungua na mabasi kuongezeka, wateja wakahama gatini wakaenda stendi.

Migori haikutegemea meli, bali barabara kuu itokayo Kisumu kupitia Kisii hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Mpaka huo ulifungwa mwezi wa Februari 1977, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Kwa muda wa miaka zaidi ya sita, mwenye hoteli aliyemtegemea msafiri wa ng'ambo ya mpaka alimkosa.

Hakuna mwenye hoteli awezaye kuamuru meli wala mpaka. Lakini iko hatari nyingine, nayo imo nyumbani mwake: kifo cha mwanzilishi. Ikiwa fedha za jiko na za nyumbani zilitoka katika kopo moja, na madeni yalijulikana na marehemu peke yake, ugomvi hauko mbali. Ndugu huchukua meza, mwana huchukua sufuria, na mjane huachiwa deni la unga.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, imekataza mtu yeyote kushika mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Mtu asipoacha wosia, mjane hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyosalia, na watoto wa kiume na wa kike huhesabiwa sawa. Waislamu hufuata sheria ya dini yao. Mtu mzima mwenye akili timamu aweza kuandika wosia na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili.

Basi mwenye hoteli na aweke daftari mbili, moja ya jiko na moja ya nyumba, na mkewe na wanawe wazijue. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.