Ramani za Sagalla: Kwa Nini Ofisi za Serikali Zinahitaji Kipimo Kimoja

Ndovu wakiingia shamba la Sagalla usiku na kumaliza mahindi, mkulima anayeripoti asubuhi huulizwa kwanza: shamba liko wapi? Jibu likitofautiana kati ya ofisi moja na nyingine, anayeumia ni mwananchi anayesubiri fidia, maji au hatimiliki.

Nani ana ramani gani?

Hakuna ofisi iliyo na ramani zote. Idara ya Upimaji ya Kenya hutunza ramani za msingi na za mipaka ya mashamba. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina mipaka ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mbuga zinazochukua zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta. Kampuni ya maji ya TAVEVO inajua mabomba yake yalipopita, na Shirika la Reli linajua ardhi ya njia ya reli. Kaunti nayo ina zahanati, barabara za vijijini na mipango ya matumizi ya ardhi.

Kosa la mita 300

Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS ya simu hutumia msingi mwingine, WGS84. Namba za msingi mmoja zikiwekwa kwenye ramani ya msingi wa pili bila kugeuzwa, nukta husogea karibu mita 300. Hapo shamba lililo kando ya mpaka wa mbuga laweza kuonekana liko ndani ya mbuga, na kisima kikahesabiwa kwa jirani. Hakuna aliyedanganya, ni namba tu hazikupatanishwa.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali ya kitaifa na za kaunti zishirikiane na kupashana habari. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 110, inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi, uliojengwa juu ya hifadhidata ya ramani za kompyuta. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inalinda taarifa za mtu binafsi: mipaka ya shamba yaweza kutumiwa na ofisi kadhaa bila kutawanya namba ya simu ya mwenyewe.

Ili ramani zisomane

1. Kila ramani ionyeshe msingi wa vipimo uliotumika.
2. Iandikwe tarehe ya kupimwa na ofisi iliyopima.
3. Kila aina ya taarifa iwe na ofisi moja yenye dhamana ya kuisahihisha. Nyingine zichukue kutoka kwake.
4. Majina ya vijiji yaandikwe kwa tahajia moja.

Mwananchi afanye nini?

Wapimaji wakifika kijijini, hudhuria pamoja na majirani mnaopakana nao, mwonyeshe mipaka mkiwa pamoja. Unaporipoti uharibifu wa wanyama, toa jina la kijiji, tarehe, picha na namba za GPS ukiwa nazo, ukitaja kuwa zimetoka kwenye simu. Ukihitaji kuona ramani iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, iombe kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi hiyo inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21.