Nani Alimmaliza Rosa? Kesi Iliyoshindikana Kijiweni Chuga

Oya wanangu wa Chuga, tusizugane. Wengi wetu riwaya tulikutana nazo darasani, na kabla hujafungua hata ukurasa wa kwanza ticha alikuwa ameshajaza ubao: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, mandhari, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Unakopi, unakariri, unaenda kumwaga kwenye mtihani wa NECTA, unasahau. Kuna machalii hapa kitaa wana B ya Kiswahili na hawajawahi kumaliza riwaya hata moja. Walipiga madesa ya kununua steshenari, basi, wakatoboa. Muulize yeyote *Rosa Mistika* inafundisha nini, jibu analo tangu kidato cha tatu: madhara ya malezi mabaya. Haya, swali linalofuata.

Sina noma na maticha, nao wana silabasi ya kumaliza. Ila jibu lile ni la kizembe, na nimekuja kulishtukia ukubwani, nje ya darasa, ambako hakuna anayenipa maksi.

Nakala yangu niliiokota kwa jamaa anayetandika vitabu vya mtumba chini kwenye turubai, jirani na stendi ndogo. Jalada limebanwa na selotepu, ndani kuna majina ya wanafunzi watatu tofauti, na kila aliyekipitia ameacha wino wake. Pale Zakaria anapomtembezea Rosa kichapo kwa sababu ya barua ya mvulana, pembeni mtu ameandika kwa herufi kubwa DHAMIRA: MALEZI, mwingine akaja kupiga mstari mara mbili kwa bik nyekundu. Rosa anapoanza kujirusha na wanaume, tayari: MMOMONYOKO WA MAADILI, tena na mshale. Kurasa zimechafuka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Ukifika zile za mwisho kabisa, kweupe. Hakuna mstari wala mshale, hata dhamira hakuna. Nahisi pale walikuwa wanasoma.

Kwa ambao hamjaigusa, nawapa kifupi. Euphrase Kezilahabi, chalii wa Namagondo kule Ukerewe, aliitoa riwaya hii mwaka 1971 akiwa bado kijana mbichi wa miaka ishirini na kitu. Rosa ni binti wa hukohuko kisiwani. Dingi yake, Zakaria, ni mlevi wa kutupwa, na kwake mwanaume yeyote anayemsogelea binti yake ni kesi. Anambana mtoto mpaka anakuwa mtu mzima asiyejua kuongea na mwanaume. Halafu mtoto anaenda shule ya bweni, kamba imekatika. Wanaume wazima wenye vyeo vyao wanamtumia, wanasepa. Baadaye anakuja kupenda kweli, Charles, na jamaa naye anampenda kweli. Siku Charles anagundua kwamba Rosa si bikira, anampiga chini. Rosa anajiua. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda kwamba kitawaharibu watoto, kisha kikarudi na kuwa cha mtihani. Hiyo ndiyo Tanzania, ukikaa sana unazoea.

Sasa njoo Kijenge, kijiwe cha toyo. Julai, Chuga inapiga baridi ile ya kuvaa koti juu ya koti, Meru haionekani kabisa, imejifunika wingu mpaka kiunoni. Abiria hakuna. Kahawa ya vikombe inazunguka, na mimi na kitabu changu tumekuwa burudani ya bure. Nilikuwa nawasimulia kidogo kidogo, kila asubuhi sura moja. Masela walianza kwa kunicheka. Baadaye ikawa nikichelewa, simu inaita: "Arif, uko wapi? Yule demu wa Ukerewe imekuwaje?"

Siku ya mwisho nilipomaliza, kijiwe kilipoa kama dakika nzima, mpaka mmoja akatema mate pembeni akasema, "Zakaria ndiye muuaji. Kesi imefungwa." Wote wakaunga. Dingi mlevi, mkono mwepesi, anawapiga mama na watoto, nani atamtetea? Wakaongezewa wale wakubwa waliomchezea binti wa watu. Ilikuwa mahakama kamili, hukumu zinashuka kama mvua za Aprili.

Nikawauliza: na Charles je?

Hapo ndipo nilipoona riwaya inavyofanya kazi. Machalii walewale waliokuwa wanarusha mawe sasa wakawa mawakili. "Aah, jamaa alikuwa na haki yake." "Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, angefanyaje?" "Mwanaume lazima ujue unaoa nini." Mmoja wa wale mawakili namfahamu tangu shule ya msingi. Simu yake ina watoto wakali wa kutosha kuanzisha timu ya netiboli, na mpaka kesho anatafuta wa kuoa ambaye hajaguswa. Nikamwambia, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Mimi nina msimamo wangu hapa na sitaki kuuficha. Zakaria ni rahisi kumchukia kwa sababu hatufanani naye. Ni mzee, ni wa zamani, ananuka pombe. Charles ni sisi. Ni kijana msafi, mwenye nia njema, anayependa kweli, ambaye anaua bila kuinua mkono. Kezilahabi alimwacha aamue mwishoni, msomaji akiwa ameshapumua, akidhani binti amepata wa kumfuta machozi. Huo mtego ni wa kinyama, na jamaa alikuwa na umri wetu alipoutega. Kwenye madesa Charles anapewa mistari miwili: "mwenye mapenzi ya dhati, ila anashikilia mila". Mistari miwili! Wakati yeye ndiye anayeshika mlango wa mwisho.

Kuna bro mmoja pale, ndiye mkubwa wa kijiwe, ana binti aliyekuwa aende bweni mwakani kuanza kidato cha kwanza. Hakusema neno kwenye ile kesi yote. Watu walipoanza kutawanyika akaniuliza taratibu, huku anapangusa tanki la toyo yake: "Kwa hiyo huyu wangu nimbane au nimwachie?" Nikakosa jibu. Zakaria naye kichwani mwake alikuwa analinda. Bro akasema tena, kama anaongea na tanki, kwamba yeye na binti yake wakikaa wawili wanaongelea ada na mahitaji ya shule tu, hakuna kingine wamewahi kuongea. Akawasha, akasepa na mteja wa Njiro.

Kitabu hichohicho kikahamia saluni ya Ngarenaro, kwa msista anayenisukia dada yangu. Kusuka rasta ni nusu siku, na aliyekalia kiti hana pa kwenda, basi akapewa kazi ya kusoma kwa sauti. Mimi nilikaa mlangoni nasubiri. Wadada hawakuhangaika na muuaji ni nani. Wao walikwama kwa Regina, mama yake Rosa. "Na huyu mama alikuwa wapi muda wote?" akauliza mmoja, kwa hasira. Msusi hakuinua hata macho kwenye nywele: "Alikuwa shambani." Saluni nzima kimya. Kila mmoja pale ana maza aliyekuwa shambani, au sokoni Kilombero tangu saa kumi alfajiri, au anafua kwa watu. Nani angelea, na kwa saa zipi? Kwa Charles walicheka tu, kicheko kile cha watu wanaomfahamu mhusika kwa jina na namba ya simu.

Mmoja wao aliacha shule kwa mimba, miaka ile ambayo binti akipata mimba ilikuwa ndio mwisho wa habari, wakati chalii aliyempa anaendelea na daftari lake. Serikali ilikuja kufungua mlango wa kurudi Novemba 2021, yeye mtoto wake alikuwa ameshaanza darasa la kwanza. Alisikiliza Rosa mpaka mwisho, akaomba akae nacho wiki. Sikumuuliza kwa nini.

Sasa mtasema nimeganda kwa Rosa. Sawa, tusogee, ila hii hoja ya kumkwepa anayefanana na wewe hainiachi. Chukua *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo. Wengi wenu mmeisoma, au mmelisoma desa lake. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, maza anauza chakula, dingi Lomolomo anaikamua ile hela kwenda kuinywa, na dogo anaishia kuchakura jalalani. Darasani tulifundishwa kumwonea huruma Peter. Poa, ni rahisi, huruma haina gharama. Lakini mimi na wewe si Peter. Sisi ni wale abiria wa kifodi wanaofunga dirisha dogo mmoja akisogea na mkono wake pale taa za barabarani. Ada imefutwa tangu Januari 2016 mpaka kidato cha nne, ndiyo, ila sare, daftari, viatu na mchango wa chakula havijafutwa, na ukizunguka karibu na dampo la Muriet saa za vipindi utawaona watoto wenye umri wa kuwa darasani. Mbogo hakuandika hadithi ya zamani.

Iliyonikalisha chini mimi binafsi ni *Peponi*. Ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyebeba Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kiingereza ilitoka 1994, na sisi tukaisubiri kwa Kiswahili mpaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri na Mkuki na Nyota wakaichapa. Miaka 28, arif! Riwaya ya kwetu, ya watu wa pwani na bara, ilisomwa Ulaya nzima kabla haijafika Sanawari. Hilo limeniuma na bado linaniuma, lakini tuliache.

Dogo anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na miwili. Tajiri mmoja, Ami Aziz, huwa anafikia kwao, ananukia manukato, akiondoka anamwachia dogo chenji. Siku moja dogo anaambiwa ataondoka na ami yake kwa treni. Anafurahi, treni tena! Huko anakofika, Khalil, kijana wa dukani, anamfungua macho kavukavu: yule si ami yako, baba yako anadaiwa, wewe ndiye dhamana. Mtu yeyote wa kitaa aliyeona jirani anabebewa friji na runinga kwa ajili ya mkopo wa kausha damu anaijua ile hesabu. Tofauti ni kwamba kwa Yusuf kilichobebwa ni mtoto. Na kuna sehemu dogo anaachwa kwenye mji mdogo chini ya mlima mkubwa wenye theluji. Sisi wa kaskazini ukisoma pale unainua shingo mwenyewe kutafuta upande.

Aziz si jitu baya la kwenye sinema, na hapo ndipo Gurnah anapokumaliza. Ni mpole, anasali, hapandishi sauti, wala hajioni kama anamiliki mtu. Nikafunga kitabu nikakumbuka nyumba tuliyokulia. Alikuwepo msichana wa kazi, aliletwa kutoka kijijini akiwa kama na miaka kumi na mitatu, tulilingana. Maza alimwahidi mama yake kwamba atasomeshwa ushonaji. Alimwita maza "anti", sisi tulimwita dada. Kila asubuhi aliamka giza, ananyoosha shati langu la shule kwa pasi ya mkaa, analitundika kwenye msumari wa mlango, kola imesimama. Chereheni haikuwahi kuja. Maza si mtu mbaya, mtaa mzima utakuambia. Nilimpa bimkubwa kile kitabu, akakisoma kwa miwani yake ya kushonea, siku tatu. Alipomaliza aliniuliza kama namba ya yule dada ninayo. Sina. Hakuna mwenye nayo.

Na ule mwisho, nauchomoa makusudi kwa sababu kijiweni umezua vita: Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani, anaufuata msafara wao. Machalii wamegawanyika katikati. Upande mmoja wanasema dogo ni boya, ametoka kwa bwana mmoja anakimbilia kwa bwana mwingine mwenye bunduki. Upande wa pili wanasema kwa mara ya kwanza amechagua mwenyewe, acheni akosee kwa miguu yake. Mimi nipo upande wa pili, kwa asilimia kama sitini hivi. Bro wa tanki yupo wa kwanza, na ana hoja nzito: anasema ameona vijana wa kutosha wakimkimbia dingi mkali kwenda kumwangukia bosi mkali zaidi, wakadhani wametoka.

Kwa sasa iliyo mezani ni *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi. Wengine wameona filamu ya Amil Shivji wanajifanya wanajua kila kitu, tumewaambia wakae kimya mpaka wasome. Yasmin, binti wa miaka kumi na mitano aliyeozwa kwa mzee Raza, ameshatoroka ndoa, na Denge ameshaingia kwenye picha na siasa zake za kumtoa Mwingereza. Tuko kabla ya katikati na tayari kuna watu wawili hawasalimiani: mmoja anasema Denge hana muda na mapenzi angemwacha binti wa watu mapema, mwingine anasema bila Denge Yasmin angebaki kumkanda mzee miguu. Wadada wa saluni wametuma ujumbe kwamba wanakitaka Ijumaa, kuna mteja wa rasta nyembamba. Kitatoka kijiweni Alhamisi jioni, na atakayekirudisha kina oili ya toyo ananunua kipya.