Kutunga Hadithi ya Sinema

Hadithi ya sinema haisomwi na wale waitazamao. Mtunzi huiandika katika karatasi, nayo karatasi husomwa na wachezaji, na mpiga picha, na yule awaongozaye; watazamaji huona watu na kusikia sauti, basi. Kwa hiyo yampasa mwanafunzi aanzaye kazi hii ajizuie asiandike neno lo lote lisiloweza kuonekana wala kusikika.

Na ichukuliwe hadithi ya kijana wa Kibaha aliyepewa fedha na mama yake, apeleke Kisarawe, bibi yake mgonjwa akanunuliwe dawa. Njiani fedha zikampotea. Mtungaji wa kitabu aweza kuandika, "Kijana aliona haya sana." Lakini haya haipigwi picha. Mtunzi wa sinema huandika hivi: kijana asimama chini ya mkorosho, ageuza mfuko wake nje, autazama. Afika mlangoni pa bibi yake, apita, arudi, apita tena. Ndani bibi akohoa. Hapo mtazamaji amekwisha elewa, wala hakuna aliyesema neno.

Kila mahali au saa ibadilikapo, sehemu mpya huanza, na juu yake huandikwa kama ni ndani au nje, ni wapi, na ni wakati gani: "Nje. Njia ya Kisarawe. Jioni." Maneno ya watu huandikwa chini ya majina yao, nayo yawe machache. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja. Basi hadithi ya dakika kumi haihitaji daftari zima.

Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, baina ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa sinema 35 za kuwafundisha watu kilimo, afya na kuweka akiba. Sauti haikuwa katika filamu yenyewe, bali katika sahani za santuri, ili lugha ipate kubadilishwa kwa kila nchi. Lugha ilibadilika, picha ilikuwa ile ile. Jambo kubwa lilipaswa kueleweka kwa macho.

Na yule kijana je? Watunzi wengi wapya humwokotesha fedha zake karibu na mwisho, bibi akapona. Huo ni uvivu. Afadhali apige hodi mikono mitupu. Kisha bibi aseme nini? Hapo ndipo pa kuandika na kufuta, hata maneno ishirini yawe matano.