Mgonjwa Asiye na Ulimi

Usiku mmoja wa Jumapili, yapata saa saba, jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alitugongea mlango hali amejifunga shuka kiunoni na pumzi zikimwenda mbio. "Ndugu yangu," alisema, "nisaidie gari. Simba anakufa." Tulipofika kwake tulimkuta Simba, mbwa wake wa miaka sita, amelala kando ya lango, povu linamtoka kinywani na miguu inamtetemeka. Hatua mbili kutoka alipolala palikuwa na kipande cha nyama kilichotupwa kupitia juu ya ukuta. Kila mwenye nyumba katika mji wetu wa Dar es Salaam aijua maana ya nyama ya namna hiyo: mwizi humwondoa mlinzi kwanza, ndipo aingie.

Mjukuu wa mwalimu alikuja mbio na kikombe cha maziwa, akitaka kummiminia mbwa kinywani. Tulimzuia, kwa kuwa mnyama anayetetemeka hivyo hawezi kumeza sawasawa, na maziwa yaweza kuingia mapafuni yakamwua kabla ya sumu. Tulipiga simu kwa madaktari watatu. Wawili hawakupokea. Wa tatu alijibu kwa maneno machache: "Mleteni, lakini mje na fedha."

Tulivuka mji. Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana, na hatuna budi kusema kwamba alifanya kazi kwa bidii na kwa mikono ya upole. Ila tangu tulipoingia hadi alfajiri hapakuwa na mtu aliyetuambia mambo mawili tuliyohitaji kuyajua: mbwa ana tumaini gani la kupona, na gharama itafika wapi. Kwanza ilitakiwa amana. Baada ya saa moja ikaja karatasi ya sindano. Kisha karatasi ya dripu. Kisha karatasi ya oksijeni. Mwalimu alitia sahihi zote bila kusoma, kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha Simba. Kulipokucha mbwa alikata roho, na hesabu iliyowekwa mezani ilikuwa zaidi ya pensheni ya mwezi mzima. Alilipa nusu, na nusu akakopa. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu masikini matanga yalimpata siku zote mbili.

Njiani kurudi alitamka neno moja ambalo hatujalisahau. "Fedha nimelipa, wala sizidai," alisema. "Lakini wangeniambia mapema kwamba haponi, ningemwacha apumzike."

Hatukisimulii kisa hiki ili kumwaibisha daktari yule, wala kituo chake hatukitaji. Twakisimulia kwa sababu si kisa cha mtu mmoja. Anayekwenda sokoni kununua samaki huuliza bei, akiona ghali husogea kwenye meza ya pili. Mwenye mnyama mahututi usiku wa manane hana meza ya pili. Mgonjwa wake hawezi kusema anaumwa wapi, yeye mwenyewe hana moyo wa kupatana bei, na milango mingine yote imefungwa. Hapo mambo matatu hukutana: mapenzi, hofu na giza, na palipo na mambo hayo matatu, hata mtu mwaminifu aweza kutoza asichopaswa kutoza, na hata mtu mwenye akili aweza kulipa asichoweza kulipa.

Twajua kwamba wako wasomaji watakaotucheka. Watauliza: je, katika nchi ambayo mama mjamzito bado aweza kutembea mwendo mrefu akitafuta zahanati, gazeti zima laandika habari za mbwa na paka? Swali hilo ni la haki, na twalijibu. Mbwa wa mwalimu hakuwa pambo. Alikuwa mlinzi wa nyumba yenye wazee wawili na mtoto. Paka wa dukani huokoa magunia ya mchele yasiliwe na panya. Isitoshe, afya ya mbwa ni afya ya watu: kichaa cha mbwa huua binadamu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makisio ya wataalamu, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mwenye mbwa akimwogopa daktari kwa sababu ya bei isiyojulikana, hatampeleka hata kuchanjwa. Tena nchi yetu ilikwisha kulikubali jambo hili kwa sheria, maana Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama asimwache ateseke. Basi ikiwa sheria yamtaka mtu atimize wajibu, haki yataka njia ya kuutimiza iwe wazi.

Wala wasomaji wasidhani kwamba shida hii ni ya nchi changa tu. Tuitazame Uingereza, nchi ambayo mbwa hulala ndani pamoja na watoto. Huko mtu akiugua hutibiwa katika hospitali za umma bila kulipa mlangoni, kwa hiyo wengi huonja uchungu wa hesabu ya hospitali mara ya kwanza siku mbwa au paka wao anapougua. Malalamiko yalizidi, hata Septemba 2023 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia ushindani wa biashara, Competition and Markets Authority, ilipoamua kuwauliza wananchi. Majibu yaliyofika yalikaribia 56,000. Kama 45,000 kati yake yalitoka kwa watu wa kawaida, na mengine kwa wale wanaofanya kazi katika tiba ya wanyama. Kwa mamlaka iliyozoea kushughulika na hesabu za makampuni, hayo yalikuwa mafuriko.

Yaliyoonekana yafaa kusomwa na kila mwenye mnyama. Mwaka 2013 vituo vya tiba ya wanyama vilivyokuwa mikononi mwa makampuni makubwa vilikuwa kama kumi katika kila mia. Baada ya miaka isiyozidi kumi vilikaribia sitini katika kila mia, navyo vikamilikiwa na makampuni sita. Mara nyingi kibao cha mlangoni kilibaki na jina la zamani la daktari wa mtaa, na mteja hakujua kwamba mwenye duka amebadilika. Zaidi ya vituo themanini katika kila mia havikuonyesha bei zao katika mtandao. Kati ya 2016 na 2023 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 63, kasi iliyozidi sana kupanda kwa bei za vitu vingine. Na sheria iliyokuwa ikiongoza kazi hiyo ilikuwa ya mwaka 1966: ilimsimamia daktari mmoja mmoja, lakini kampuni iliyomwajiri haikuigusa. Daktari akikosea aliitwa kujieleza. Tajiri aliyepanga bei hakuitwa na mtu.

Mei 2024 mamlaka hiyo ilianza uchunguzi kamili, na Oktoba 2025 ikatoa mapendekezo: kila kituo kitangaze orodha ya bei, kimwambie mteja ni cha nani, na matibabu makubwa yatanguliwe na makisio ya maandishi. Mtu atauliza, je, ilihitajika miaka miwili ya uchunguzi ili kujua kwamba mnunuzi yapasa aambiwe bei? Ilihitajika, kwa sababu walingoja mpaka sehemu kubwa ya kazi ilipokwisha kushikwa na wakubwa. Huko ndiko kutoziba ufa. Sasa wajenga ukuta.

Hata hivyo Waingereza wana jambo moja jema. Kanuni za baraza lao la kitaaluma, Royal College of Veterinary Surgeons, humtaka kila daktari anayetibu wanyama ahakikishe kwamba huduma ya kwanza na dawa ya kutuliza maumivu zapatikana saa zote ishirini na nne. Aweza kupanga zamu na wenzake, aweza kukielekeza kituo kingine kimsaidie; lakini hawezi kuizima simu akalala, akamwacha mnyama alie mpaka asubuhi.

Haki yataka tuwatetee na madaktari. Hospitali ya usiku haiendeshwi kwa huruma peke yake. Mashine ya eksirei hununuliwa kwa fedha, chupa ya oksijeni hujazwa kwa fedha, na kijana anayekesha apaswa kulipwa zaidi ya yule wa mchana. Hospitali ya watu husaidiwa na kodi. Ya mbwa haina kodi inayoitegemeza. Wako pia wateja wanaomwacha mnyama hospitalini wasionekane tena, na wengine humtukana daktari kwa kifo walichokisababisha wenyewe kwa kuchelewa siku tatu. Daktari anayedai amana huenda amefundishwa kudai na watu wa namna hiyo. Twasema hivi ili ieleweke kwamba hatuombi tiba ya bure kwa kila mtu. Twaomba uwazi.

Lakini hata tiba ya bure si ndoto. Novemba 1917, vita vikuu vya kwanza vikiwa bado vyapiganwa, mwanamke mmoja aitwaye Maria Dickin alifungua chumba cha tiba chini ya ardhi katika mtaa wa Whitechapel, London, mahali pa makabwela. Alitangaza kwamba mnyama yeyote wa masikini atatibiwa bila malipo. Walikuja na mbwa, paka, na punda wavutao mikokoteni ya wachuuzi. Chumba kile kilizaa chama cha PDSA, chenye hospitali nyingi nchini humo. Na hapa kwetu katika pwani ya Afrika Mashariki, kule Lamu, ambako mzigo mwingi wa mji huchukuliwa na punda, mwaka 1987 kilifunguliwa kituo cha kuwatibu punda bila kuwatoza wenyewe. Mwenye punda wa Lamu si tajiri, na punda akilala, chungu cha nyumbani nacho hulala. Kwa hiyo wema kwa mnyama katika pwani hii si jambo geni.

Sasa tufanye nini? Katika miji yetu vituo vya kuwatibu mbwa na paka vinaongezeka. Kazi ingali changa, na mti hupindwa ungali mchanga. Kuna Baraza la Veterinari Tanzania, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2003 ili kusimamia wataalamu hao. Kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kinachofundisha madaktari wa wanyama na chenye hospitali yake. Twapendekeza kwao, na kwa wizara inayohusika, mambo manne.

Kwanza, kila kituo kibandike ukutani bei ya kumwona daktari mchana na bei ya usiku, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Pili, daktari akishazuia damu na kutuliza maumivu, aketi na mwenye mnyama kwa dakika tano, amweleze ugonjwa, tumaini lililopo, na gharama kutoka kiwango cha chini hadi cha juu. Asitie dripu ya pili kabla ya kusema hayo. Tatu, madaktari wa kila mji wapange zamu za usiku, na orodha ya zamu itangazwe. Nne, na hili ndilo gumu, daktari asione haya kutamka kwamba mnyama hataponyeka. Kumlaza mnyama usingizi wa mwisho bila maumivu ni sehemu ya tiba, na anayelificha neno hilo ili karatasi ziendelee kuandikwa amemdhulumu mgonjwa na mwenyewe pia.

Nasi wenye wanyama tusiwaachie wengine mzigo wote. Tuwe na namba ya daktari kabla ya kuihitaji, na tumwulize mchana afanyavyo usiku. Tuweke akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya mnyama, kama tunavyomwekea mtoto ada ya shule. Na tujue dalili zisizongoja asubuhi: mbwa ambaye tumbo limevimba ghafla naye ajaribu kutapika bila kutoa kitu, paka dume anayechuchumaa kukojoa na mkojo hautoki, maana siku chache tu zatosha kumwua, mnyama mwenye ufizi mweupe, ambao mara nyingi kwetu huletwa na homa ya kupe, aliyeumwa na nyoka, na aliyekula sumu, hata kama bado anacheza, kwa kuwa sumu nyingine ya panya hukaa siku kadhaa kabla ya kuanza kumtoa damu ndani. Katika hali ya sumu, chukueni pakiti yake au mabaki ya alichokula, mkayaonyeshe kwa daktari. Maziwa mwacheni mtoto anywe.

Mwalimu jirani yetu amemzika Simba chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Mjukuu wake ataka mbwa mwingine, naye mzee bado hajajibu. Alituambia juzi kwamba haogopi kufuga. Aogopa ule usiku. Twaona kwamba mji wenye madaktari, baraza na sheria haupaswi kumwacha raia mwema aogope usiku. Orodha ya bei ukutani na dakika tano za kusema kweli hazigharimu fedha nyingi. Zianze sasa, vituo vingali vichache na wenye vituo wangali wakijuana na wateja wao kwa majina.