Anza na Mwisho

Muhula uliopita mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alinishinda mchezo mara sita mfululizo, mbele ya bweni zima. Mchezo wenyewe ni rahisi. Watu wawili huweka chini punje 21 za mahindi. Kila mmoja, kwa zamu yake, huchukua punje moja, au mbili, au tatu, kama apendavyo, lakini hana ruhusa ya kupita bila kuchukua. Anayechukua punje ya mwisho ndiye mshindi, na aliyeshindwa huosha sahani za meza nzima. Mimi, mtu wa miaka kumi na tisa, niliosha sahani siku sita, na wenzangu wakacheka sana.

Siku ya saba nilimwomba anifundishe. Akaniambia, "Kaka, wewe wazitazama zile 21. Mimi nazitazama nne za mwisho."

Maana yake ni hii. Tuseme zimebaki punje 4, na ni zamu ya mwenzako. Akichukua 1, zabaki 3, nawe wazitwaa zote. Akichukua 2, zabaki 2. Akichukua 3, yabaki 1. Kwa vyovyote vile punje ya mwisho ni yako. Basi, anayemwachia mwenzake punje 4 amekwisha kushinda.

Sasa rudi nyuma hatua moja. Utapataje kumwachia 4? Mwachie 8. Akichukua 1, wewe chukua 3. Akichukua 2, wewe 2. Akichukua 3, wewe 1. Kila mara zinaondoka nne. Rudi nyuma tena, utaona 12, kisha 16, kisha 20. Kwa kuwa punje ni 21, anayeanza huchukua moja tu na kuacha 20, na mchezo umekwisha ingawa mwenzake hana habari. Yule mtoto kila siku aliniomba aanze yeye, nami nilidhani ni haraka ya kitoto!

Njia hii si ya watoto tu. Mwaka 1901 Charles Bouton, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza kwa ukamilifu mchezo wa jamii hii uitwao Nim, ambao huchezwa kwa mafungu kadhaa. Na mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza habari ya dama ya miraba 64, ile wanayocheza Waingereza na Wamarekani: wachezaji wote wawili wasipokosea hata mara moja, mchezo huisha sare. Walizitumia kompyuta kuanzia mwisho wa mchezo na kurudi nyuma, mpaka wakajua mwisho wa kila hali yenye kete 10 au chini yake. Kisha wakaunganisha hesabu hiyo na ile ya kutoka mwanzo.

Lakini sababu yangu ya kuandika si punje wala dama. Mwaka jana niliitwa Kampala kufanya mtihani wa kupata msaada wa karo. Mtihani ulianza saa tatu asubuhi. Kwetu ni kijijini, ng'ambo ya Masaka. Niliwaza hivi: "Nikiondoka saa kumi na moja alfajiri, nitakuwa nimewahi sana." Nilifika saa nne na nusu, mlango umekwisha fungwa. Baba hakunigombeza. Aliuza mbuzi wawili ili nirudi shuleni, na mmoja alikuwa wa dada yangu, aliyepewa na bibi.

Baada ya kufundishwa mchezo ule niliihesabu upya safari yangu, nikianza na kiti cha mtihani. Yafaa niwe nimeketi saa mbili na nusu. Kutoka kituo cha basi kwa miguu ni nusu saa; basi niwe nimeshuka saa mbili. Basi kutoka Masaka huchukua saa tatu. Kwa hiyo liondoke saa kumi na moja alfajiri. Kungoja lijae ni nusu saa. Kutoka nyumbani hadi Masaka kwa baiskeli ni saa moja na nusu. Ningeondoka nyumbani saa tisa usiku, katika giza! Ndipo nilipoona kwamba hatua ya kwanza haikuwa kuamka mapema. Ilikuwa kumpigia simu shangazi yangu wa Masaka, siku mbili kabla, nimwombe mahali pa kulala.

Mwaka huu niliitwa tena, nikafanya hivyo. Tena nilipanda basi la saa kumi, kwa maana punje za mahindi hazipati pancha, lakini mabasi hupata. Kweli, gurudumu lilitoboka karibu na Lukaya. Hata hivyo nilifika saa mbili na robo. Majibu hayajatoka, lakini safari hii nilikikalia kiti changu.

Basi, ndugu zangu, ukiwa na jambo gumu, jiweke kwanza mahali pake pa mwisho, ujiulize: "Kabla ya hapa hapana budi kuwe na nini?" Endelea kuuliza hivyo mpaka ufikie jambo unaloweza kulifanya leo. Kisha ugeuke na kulipitia tangu mwanzo, uone kama hakuna hatua uliyoiruka.

Nawaachieni fumbo. Punje ni 30, na kila mtu aweza kuchukua kuanzia 1 hadi 4. Je, ungependa kuanza, au ungemwachia mwenzako aanze? Wa mwisho kujibu ataosha sahani.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6