Simba wa Sinema na Simba wa Tsavo

Simba dume alikuwa amejilaza chini ya mgunga, vumbi jekundu limemkolea mgongoni, shingo tupu. Mgeni mmoja garini akashikilia kwamba huyo ni jike. Mwongozaji wetu, mzaliwa wa Voi, akazima injini. Ubishi huo ameuzoea, akasema. Umeletwa na sinema.

Sinema yenyewe ni The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996. Kisa tunakijua: mwaka 1898 reli ilipofika Mto Tsavo, simba wawili waliwala wajenzi wa daraja, mpaka mhandisi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Lakini picha zilipigwa Afrika Kusini. Simba wakuu walikuwa Bongo na Caesar, waliotoka bustani ya wanyama ya Bowmanville huko Ontario, Kanada, na shingo zao zilifunikwa na manyoya mazito. Hata yule mwindaji Remington aliyeigizwa na Michael Douglas hakuwahi kuwepo.

Mwongozaji wetu hataki kuyapuuza manyoya hayo. Madume wengi wa Tsavo, alitueleza, wana manyoya haba shingoni au hawana kabisa. Jua la huku ni kali na vichaka ni vya miiba mitupu. Vazi zito la nini? Wale wawili wa Patterson nao walikuwa hivyo hivyo. Kumvika simba wa Tsavo manyoya ya mwingine, kwake, ni kumnyang'anya kwao.

Nilipofuatilia, nikakuta simba hao wawili walishapunguzwa hata kabla ya sinema. Patterson aliandika kwamba wa kwanza alikuwa na urefu wa futi 9 na inchi 8, pua hadi ncha ya mkia, na alibebwa na watu wanane. Ngozi zao zikawa mazulia kwa takriban miaka 25. Mwaka 1924 aliliuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, ngozi hizo kwa dola 5,000. Zilikuwa zimepunguzwa kingo ili zitandikwe sakafuni, ndiyo maana simba wanaotazamwa leo nyuma ya kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai.

Meno yao nayo yalibaki. Mwaka 2024 watafiti walichapisha walichokikuta kwenye mianya ya meno yaliyovunjika: nywele za twiga, pundamilia, nyumbu, choroa, kuro. Na za binadamu.

Za nani? Patterson alitaja Wahindi 28. Kuhusu Waafrika aliandika tu kwamba walikuwa makumi, na hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa.

Mwongozaji hufika darajani na wageni wake, akawaambia majina ya simba waigizaji, kisha akawauliza wale Waafrika waliitwa nani. Siku ile alituuliza sisi. Garini hakuna aliyejibu, nami hadi leo sina jibu.